Karatasi ya Dan

Jérôme, mume wangu, alikufa Jumamosi moja, mwezi wa nane ukielekea mwisho, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu ya nyumba tunayokaa Saint-Gilles, hapa Brussels. Alikuwa ameshuka kununua maji. Alipanda na chupa zake sita, akaketi kwenye ngazi apumzike kama alivyozoea, na hakuinuka tena. Rayhana, jirani yetu wa ghorofa ya pili, alimkuta ameegemea ukuta, chupa zikiwa zimepangwa vizuri pembeni yake. Alidhani amesinzia. Mimi nilikuwa kazini Laeken, kwenye nyumba ya wazee, namkata kucha mama mmoja Mflamandi, Mbelgiji wa kaskazini. Simu ililia kwenye mfuko wa aproni nikaiacha ilie, kwa sababu nilikuwa nimebakiza mkono mmoja. Nikaumaliza ule mkono. Kisha nikatoka kwenye korido, nikapiga.

Ninaandika mambo ya miezi iliyofuata kwa sababu yameanza kuchanganyika kichwani. Sikulia sana. Kanisani walisema ni mshtuko, machozi yatakuja. Inès, binti yetu anayesoma Namur, alikaa nami wiki mbili, halafu masomo yakaanza akarudi. Nikaendelea kwenda kazini.

Asubuhi ile ya Jumamosi, kabla ya kushuka kununua maji, Jérôme alikuwa ametazama mchezo wa mwisho wa Korongo katika msimu huo. Walishindwa kwa pointi thelathini na moja.

Korongo ni jina tulilowapa sisi. Klabu yenyewe inaitwa Port Linden, iko Melbourne, Australia, na kwenye jezi yao ya buluu na nyeupe kuna ndege mwenye miguu mirefu. Wanacheza mpira wa huko kwao, ule wa umbo la yai, ambao mtu anaruhusiwa kuukumbatia, kukimbia nao, na kuupiga teke upite kati ya nguzo. Hapa Brussels sijapata kukutana na mtu mwingine anayeujua. Sisi tuliujua kwa ajili ya Patient.

Patient ni mdogo wa mwisho wa Jérôme. Walizaliwa watatu, huko Baraka, upande wa Fizi, Kongo: Jérôme, Josias, na Patient. Kwao ndugu hawachangii jina moja la ukoo, kila mtoto hupewa lake, hivyo mume wangu alikuwa Wilondja, wa pili Asukulu, na wa tatu Mwamba. Vita vikawatawanya. Jérôme akafika Ubelgiji. Patient, akiwa na miaka kumi na mmoja, alipelekwa Australia pamoja na mama yao kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Huko akarefuka, akaanza kukimbia na ule mpira, na mwishowe akaichezea Port Linden michezo mia moja na minne. Josias aliwafuata miaka kumi baadaye. Mke wake alikuwa amefia kambini, naye alishuka kwenye ndege akiwa amembeba mgongoni mtoto wa miaka miwili, Dan, ambaye karatasi za safari zilimwandika kwa jina la baba yake, Asukulu. Mwaka wa pili wa Melbourne figo za Josias zikashindwa kazi, akafa. Dan akabaki nyumbani kwa Patient, pamoja na bibi yake. Sasa Dan ana miaka kumi na minane, na yeye pia anacheza.

Jérôme ndiye aliyeanzisha kundi letu la mashabiki, Korongo wa Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels. Tunakutana chumba cha nyuma cha duka la vitenge la Kasoki, barabara ya Chaussée de Wavre, maana michezo ya Melbourne hufika huku asubuhi, kabla duka halijafunguliwa. Kasoki ni mtu wa Butembo, ana sauti inayovuka barabara. Nehemia ni shemasi kutoka Uvira, anapakia mizigo kwenye ndege kule Zaventem. Gaudens ni Mtanzania, dereva wa ubalozi mmoja. Miaka sita iliyopita aliingia kumnunulia mkewe kitenge, akasikia makelele nyuma, akachungulia, na hajatoka mpaka leo. Wengine huja na kuondoka. Hawa watatu na Jérôme hawakukosa.

Siku arobaini za kilio zilipoisha, Kasoki alipanda hadi kwangu. Hakuketi.

"Bon, Maman Rolande. Kesho utakuja kukaa na sisi. Hata hautazungumuza, utakaa tu."

Nikaenda. Walinipa kiti cha Jérôme bila kufikiri, kisha wakaona walichofanya, na hakuna aliyejua afanye nini. Nikakikalia.

Ulikuwa mwezi wa kumi, hakuna michezo. Huo ndio mwezi ambao klabu zinabadilishana wachezaji, na mashabiki hawana cha kutazama, wana maneno tu. Lazima nieleze kidogo, kwa sababu mambo yote yalitoka hapo. Kule kijana hachagui klabu. Mwezi wa kumi na moja kuna siku moja ambapo klabu zote zinakaa na kuwachagua vijana kwa zamu, na iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayoanza. Kijana wa Melbourne anaweza kuchukuliwa na klabu ya Perth, saa nne kwa ndege, na anakwenda. Nehemia husema hilo halimshangazi hata kidogo, ni sawa na ule ubao wa Nyarugusu: unaamka, unasoma jina lako, pembeni pameandikwa nchi, na hakuna aliyekuuliza. Zamu zenyewe ni mali. Klabu inaweza kuitoa zamu yake na kupewa mchezaji aliyekomaa. Tangu mwezi wa saba Korongo walikadiriwa kupata zamu ya tisa, na ndiyo waliyoipata.

Na kuna kanuni moja ambayo watu wetu waliipenda kuliko zote. Mtu aliyeichezea klabu michezo mia au zaidi, mtoto wake wa kiume anaweza kubaki kwenye klabu ya baba. Klabu nyingine ikimtaja, klabu ya baba inapewa dakika chache kusema huyu ni wetu, na inampata kwa kutoa zamu zake ndogondogo za chini. Patient alicheza mia moja na minne. Kwa hiyo pale kwa Kasoki jambo la Dan lilikuwa limekwisha zamani. Waliloligombania ni nini kifanyike na zamu ya tisa, kwa kuwa Dan hakuihitaji.

Gaudens alitaka itolewe, Korongo wapate beki. Nehemia naye alitaka waongeze juu yake mchezaji wao mmoja anayepiga kwa mguu wa kushoto, waletewe mtu mrefu wa mbele. Kasoki alikataa hata kusikia jina la yule wa mguu wa kushoto likitajwa vibaya dukani kwake.

"Nehemia, wewe unarusha wachezaji kama unavyorusha masanduku ya watu pale Zaventem," Gaudens alisema.

"Alors, weye unapeleka gari ya wenyewe kila siku, unajiona ni balozi," Nehemia alimjibu. "Acha kuniamurisha."

Walicheka. Kisha wakanikumbuka, wakapunguza sauti. Nehemia akasema kwa upole kwamba papa Jérôme alikuwa peke yake katika jambo hilo. Kuanzia mwezi wa saba mpaka kufa kwake alikuwa akisisitiza zamu ya tisa isitolewe. Walimtania kwamba uzee umemwingia, anaogopa kutoa. Hakucheka nao, alirudia tu kwamba isitolewe, na wao hawakujua ni kwa nini.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimejua kwa siku tatu tu.

Inabidi nirudi nyuma miaka kumi na miwili. Patient alitupigia simu siku moja tukiwa mezani, Jérôme akaiweka simu kwenye spika ili mikono yake ibaki na ugali. Patient alisema kuna mwanasheria amemshauri ampitishe Dan mahakamani, awe mtoto wake kwa karatasi. Ingesaidia shuleni na hospitalini. Dan angebadilishiwa jina, aitwe Dan Mwamba. Lakini Jérôme alikuwa ndiye mkubwa, na Patient asingeweza kufanya jambo la namna hiyo bila ruhusa yake.

Jérôme aliacha kula. Hakukasirika, nakumbuka vizuri. Alizungumza polepole.

"Patient, kwetu tuliisha kusema: mutoto wa ndugu yako ni mutoto wako. Sasa utaenda kuomba Muzungu ruhusa ya kuwa baba yake? Na jina ya Josias unaipeleka wapi? Ukiifuta kwa huyu mutoto, Josias hakuwahi kuzaliwa."

Patient akasema sawa, kaka. Jérôme alikata simu akanitazama. Nikamwambia ameongea vizuri. Sikuwa nambembeleza, niliona hivyo. Mtu yeyote wa kwetu angeona hivyo. Mtoto hakuwa yatima, alikuwa na baba, na jina la baba aliyemzaa alikuwa nalo pia. Karatasi ingeongeza nini?

Sasa, siku mbili kabla Kasoki hajapanda ngazi kunichukua, Patient alinipigia. Alitaka kujua kama nakula. Halafu akasema kwamba mwezi wa saba klabu ilimwita, wakamwomba cheti cha kuzaliwa cha Dan. Walipoona pameandikwa Josias Asukulu, walimuuliza karatasi ya mahakama iko wapi. Hakuwa nayo. Walimpa pole. Kanuni inasema mtoto wa kumzaa au wa kumpitisha mahakamani, hakuna wa tatu. Dan alikwishafikisha miaka kumi na minane, na hakukuwa na kitu cha kufanya tena. Angeingia siku ya kuchaguliwa kama kijana yeyote.

"Kaka alijua?" nilimuuliza.

"Nilimuambia siku ileile. Alisema atafikiri."

Kwa hiyo Jérôme alijua wiki nyingi, akaenda kwa Kasoki kila Jumamosi, akasikiliza wenzake wakimpanga Dan kwenye timu, na njia pekee aliyoiona ni ile zamu ya tisa. Kama wangeishika, wangeweza kumchagua Dan kwayo kama wanavyochagua mtoto wa mtu baki. Mimi hakuniambia. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja.

Pale kwa Kasoki sikusema. Ningelisema jambo la karatasi, ingenibidi nimtaje aliyeikataa.

Siku ya mwisho ya kubadilishana iliangukia Jumatano. Nilikuwa na zamu ya jioni kazini, hivyo asubuhi nilikwenda dukani. Saa nne, saa ya kufunga, ikapita, na dakika chache baadaye Gaudens akasoma kwenye simu yake: Port Linden wametoa zamu ya tisa, wamepata beki wa miaka ishirini na saba. Akasoma mara mbili. Nehemia akampa mkono, yeye ambaye hakutaka beki. Walisema sasa imethibitika. Klabu haiwezi kuitoa zamu yake nzuri mwaka ambao mtoto wa Patient anachaguliwa, ila kama inajua mtoto huyo yuko mfukoni. Nehemia alisema laiti papa Jérôme angeona kwamba alikuwa anaogopa bure.

Kasoki alishusha kitambaa kutoka rafu ya juu, cha buluu chenye mistari myeupe, yadi kumi na mbili, akasema amekiweka kwa ajili ya siku nitakapovua nguo nyeusi. Sisi sote tutashona kimoja. Nilikigusa. Kilikuwa kizuri. Nikamshukuru, kisha nikaenda kupanda tramu.

Mjini Melbourne mama mkwe wangu hamtambui tena mtu. Akili imemtoka kidogokidogo kwa miaka minne. Patient aliwahi kunieleza, nami nikamweleza jinsi sisi tunavyofanya kazini, kijiko kidogo, kukaa upande anaoutazama, kutomharakisha. Haikusaidia. Hufungua mdomo kwa Dan peke yake. Humwita Josias. Dan huamka kabla ya mazoezi kumlisha, na jioni tena. Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba. Wazee wa namna hiyo mara nyingine huzoea mkono mwingine, na mara nyingine hawazoei.

Jumapili iliyofuata, mchana, Dan alinipigia mwenyewe. Kiswahili chake amekipata kwa bibi yake, kwa hiyo huzungumza kama mtoto mdogo na kama mzee kwa pamoja.

"Maman mukubwa, nilimuuliza papa kwa nini hakuna karatasi. Alisema papa Jérôme alikatala. Ni kweli?"

Nilikuwa nimesimama jikoni. Nilifikiri kwamba naweza kumjibu kuwa mambo ya wakubwa hayaelezeki kwenye simu, naye angekubali, kwa kuwa amelelewa vizuri.

"Ni kweli," nilisema.

"Juu ya nini?"

"Alitaka ubakie na jina ya baba yako."

Nilisikia televisheni nyuma yake.

"Mimi simukumbuki papa Josias," alisema. "Ninajua picha tu. Papa ni papa Patient."

"Najua."

"Weye ulikuwa pale?"

"Nilikuwa pale, mwanangu. Nilimuambia ameongea vizuri."

"Wakinipeleka mbali, bibi atakula na nani?"

Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli na sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Alisema sawa. Hakusema kwa hasira, wala hakusema kwamba ametusamehe. Alisema bibi ameamka, anakwenda kumpa dawa. Baada ya hapo nilikaa mezani, nikamenya vitunguu vyote vilivyokuwa kwenye kikapu, ingawa nilihitaji kimoja.

Inès alipokuja mwishoni mwa wiki nilimweleza. Yeye akatoa simu ya baba yake, akanionyesha. Mwezi wa nane Jérôme alikuwa amemwomba amsaidie kuandika barua kwa Port Linden kwa Kiingereza. Aliwaomba wasiitoe zamu ya tisa. Alijitambulisha kuwa shabiki wa Brussels, na hakusema yeye ni nani kwa Dan. Inès alidhani ni utani wa mashabiki. Jibu lilikuja mwezi wa tisa, wiki ya maziko, mistari miwili, ya kumshukuru kwa kuiunga mkono klabu.

Siku ya kuchagua ilikuwa Jumatano pia, mwezi wa kumi na moja, saa tatu asubuhi kwa saa zetu. Nilifika saa mbili na nusu. Nehemia alikuwa ameomba ruhusa kazini. Gaudens alikuja na gari la ubalozi, akaliegesha mahali pasiporuhusiwa. Kasoki alikuwa amepika maharage na kuleta televisheni kubwa kutoka nyumbani. Niliona wanapanga viti nikajua kwamba nikichelewa zaidi wataambiwa na televisheni.

Nikawaambia. Nilianza na cheti cha kuzaliwa na nikamaliza na barua. Nilitaja ile simu ya mezani, maneno ya Jérôme kama alivyoyasema, na yangu. Haikuchukua hata dakika tano.

Wa kwanza kusema alikuwa Gaudens. Hakunitazama.

"Ina maana mzee alijua tangu July? Tunamcheka hapa, tunamwita mwoga, na yeye anajua?"

"Alijua."

"Angetuambia basi. Sisi si wenzake?"

"Angetuambia nini?" Nehemia akasema. "Hata mimi ningekatala ile karatasi. Weye pia, Gaudens. Ndugu yako akufe, alafu uende mahakamani kumutoa mutoto jina yake?"

"Kwa hiyo Dan anaondoka kwa sababu sisi wote tungekosea vilevile," Gaudens alisema. "Inamsaidia nini?"

Kasoki alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alisema chakula kinapoa. Hakuna aliyekula. Alikuja akaketi karibu nami, na ndivyo tulivyotazama.

Wanasoma polepole. Mwakilishi wa klabu anapanda, anasema namba, anataja jina, kijana anasimama na kukumbatiwa na wazazi. Zamu ya tisa, ambayo ilikuwa yetu, ilimchukua kijana wa Adelaide mwenye nywele nyekundu. Ya kumi ikamchukua mwingine. Ya kumi na moja ilikuwa ya klabu moja ya Perth. Yule mtu akasoma: Dan Asukulu. Alilisoma jina la Asukulu vizuri, silabi zote nne.

Dan alisimama akiwa na suti ya kijivu. Patient akasimama pembeni yake, akamshika shingo kwa nyuma. Chini ya picha paliandikwa kitu, na Gaudens akatutafsiria: Patient Mwamba, mchezaji wa zamani, mjomba wake.

"Mujomba?" Nehemia akasema. "Mujomba ni ndugu ya mama. Hawa wanajua nini?"

Hakuna aliyecheka. Kamera ikaonyesha meza ya Port Linden. Watu watatu walikuwa wameketi na kompyuta zao, mmoja anakunywa maji. Niliwaambia wenzangu kila kitu nusu saa kabla, na bado tulikaa tukiitazama ile meza, tukingoja mmoja wao ainue mkono aseme huyu ni wetu. Hata mimi. Yule mtu akaweka gilasi chini. Mwakilishi mwingine akapanda jukwaani na namba kumi na mbili.

Nehemia alifumba macho akasali kwa sauti ndogo. Gaudens akasema anakwenda kuangalia gari, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Kasoki alikikunja kile kitambaa cha buluu kikawa kidogo, akakirudisha rafu ya juu. Nilisubiri nihisi kitu. Nilimwona Dan amevaa kofia ya klabu ya Perth, inampwaya, na nikafikiri tu kwamba suti hiyo lazima ilikuwa ya Patient, maana mikono ilikuwa mirefu. Kisha nikasaidia kuosha sahani, ambazo hazikuwa chafu. Saa saba nilikuwa kazini Laeken.

Jioni hiyo nilimlisha yule mama Mflamandi supu yake. Alikula yote. Nilipokuwa namfuta mdomo nikaanza kulia, si kwa nguvu, na sikuweza kuacha kwa muda wa kama robo saa. Alinitazama. Mwenzangu aliniambia niende nikaoshe uso, nikaenda, na baada ya hapo tukamaliza vyumba vilivyobaki.

Tangu hapo nimelia mara mbili nyingine. Siku nyingi hakuna kitu.

Dukani bado wanakutana. Wiki ya pili ya Desemba walibishana saa mbili kuhusu yule beki mpya, kama goti lake ni zima. Nehemia sasa anasema zamu ya tisa haikupaswa kutolewa, na anasema kama vile alikuwa akisema hivyo siku zote. Gaudens amemwacha aseme. Mara moja walinigeukia wakaniuliza itakuwaje Korongo wakikutana na Perth, tutamshangilia nani. Kasoki alisema swali hilo lisijibiwe mpaka siku yenyewe ifike.

Dan aliondoka Melbourne tarehe sita ya mwezi huo, pamoja na masanduku mawili. Klabu imempa chumba kwa mume na mke ambao ni walimu. Patient amemwekea mama yao muuguzi anayekuja asubuhi na jioni, mwanamke wa Ufilipino, mvumilivu. Siku nyingine bibi anakunywa uji nusu kikombe, siku nyingine anageukia ukutani. Dan amejaribu kuzungumza naye kwa video wakati wa kulishwa. Bibi anaitazama simu lakini hafungui mdomo.

Mimi Dan hunipigia Jumapili saa sita mchana, ambayo kwake ni saa moja jioni. Hajaniuliza tena kuhusu karatasi. Ananieleza walichofanya mazoezini na joto la huko, nami namweleza kuna baridi. Mazoezi yao yanaendelea mpaka mwezi wa pili, na msimu unaanza mwezi wa tatu.